Bibi Lebo, Aliyetaka Kujua Kila Robota la Pamba Limetoka Wapi

Ndugu, jamaa na majirani, wafanyakazi wa kiwanda, na ninyi wakulima mlioamka alfajiri ili muwahi: ahsanteni kwa kuja. Huyu tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimwita Bibi Lebo, na yeye aliitika bila kinyongo. Familia imetakiwa isome maisha yake kwa ufupi. Tutajitahidi, ila mwenyewe hakuwa mtu wa kuruka mstari, kwa hiyo mtuvumilie kidogo.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Julai 1958, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake mkulima wa pamba. Ulikuwa msimu wa kuvuna, na nyumba nzima ilikuwa imejaa pamba hadi darini. Yeye alipenda kusimulia kwamba alizaliwa juu ya rundo la pamba, laini kuliko kitanda cha mfalme. Shangazi yake, ambaye tunaye hapa leo na ana miaka tisini na mbili, hajawahi kukubali. "Uongo mtupu," husema. "Alizaliwa kitandani kama watu wote. Pamba ilikuwa chumba cha pili. Mimi ndiye niliyeshika taa." Mabishano hayo yalidumu miaka sitini, na kila mmoja aliyafurahia. Tunayaandika hapa kama yalivyo, pande zote mbili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari hadi kidato cha nne, akamaliza mwaka 1976. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimfanya karani wake wa barua. Siku moja bibi mmoja jirani alimwita amwandikie barua mwanawe aliyekuwa kazini mbali.

"Mwandikie kwamba naumwa sana," akasema bibi.

"Pole, Bibi. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Lakini ukiandika siumwi, atakuja?"

Msichana alikaa na kalamu yake hewani. Kumkatalia mkubwa hawezi, na kuandika lisilokuwepo mkono wake hautaki. Mwishowe akaandika: "Bibi anasema anaumwa sana." Mwana alikuja wiki iliyofuata mbio mbio, akamkuta mama yake anafagia uwanja. Bibi alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku hiyo hakutaka mwandishi mwingine.

Tarehe 3 Aprili 1978 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba. Ninyi mnaokifahamu hamhitaji maelezo, lakini kwa wageni wetu: pamba huingia pale ikiwa bado na mbegu ndani yake, mashine huitenganisha, mbegu huenda upande mmoja na nyuzi upande mwingine, kisha nyuzi hushindiliwa kuwa marobota makubwa, kila moja likikaribia kilo mia mbili. Marehemu alikaa kwenye kibanda cha mizani karibu na lango, dirisha moja na kiti kimoja kisicho na mgongo, akipima magunia na kuandika. Alisema vumbi la pamba lilimfanya aonekane mzee tangu akiwa na miaka ishirini, hivyo uzee wenyewe ulipofika haukumshtua.

Mizani hiyo ndiyo iliyompa mume. Fundi mmoja wa mashine, kijana mrefu mwenye maneno machache, alianza kupita pale kila siku saa ya chai na kupanda juu ya mizani ya magunia.

"Wewe umekuja kupima pamba au kujipima?" marehemu akamuuliza.

"Kujipima tu, dada."

"Basi umepungua kilo mbili tangu Jumatatu."

"Ni mawazo."

"Mawazo gani hayo yanayokula nyama ya mtu?"

Fundi akashuka, akarudi kazini huku wenzake wakimzomea. Alipungua kilo nyingine moja na nusu kabla hajapata ulimi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Desemba 1981, na Mungu akawajalia watoto wanne. Waliishi pamoja miaka ishirini na minane, katika nyumba ileile ya matofali nyuma ya soko la nafaka, mpaka mwaka 2009 mume alipotangulia. Marehemu alimlilia kwa utulivu, kama alivyofanya mambo yake yote, na kila mwaka siku ya ndoa yao alivaa gauni jipya.

Mwaka 2006 kazi yake ilibadilika. Wanunuzi wa nje walianza kudai kujua pamba imelimwa na nani, shamba gani, imepuliziwa dawa gani, na kama watoto walitolewa shuleni kwenda kuvuna. Nchi zao zilitunga sheria; mzigo usio na majibu ungerudishwa. Kiwanda kikafungua ofisi ya ufuatiliaji. Ofisi yenyewe kilikuwa chumba cha kuwekea magunia mabovu. Wakayaondoa magunia, wakaingiza meza, feni na marehemu.

Alizunguka vijijini kwa baiskeli ya kiwanda kuwaelezea wakulima. Mkutano wa kwanza walimcheka kweli kweli. Mzee mmoja mwenye kofia pana, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kikundi chao, akasimama akasema:

"Mama, kwa hiyo pamba nayo sasa ina kitambulisho? Kesho mtataka ipige picha!"

"Mzee wangu," akajibu, "shati ulilovaa umenunua wapi?"

"Sokoni."

"Nani kalima pamba yake?"

"Nitajuaje?"

"Basi kuna mtu mahali fulani amevaa pamba yako, na yeye anauliza swali hilohilo. Tofauti ni kwamba yeye hataki kujibiwa 'nitajuaje'."

Mzee wa Kofia akakaa. Mwaka ule wakulima mia mbili na kumi na wawili walijiandikisha kuwa kikundi kimoja, kwenye rejista ya cheti kilichodaiwa na wanunuzi. Walikubali kuacha dawa zilizopigwa marufuku, watoto wabaki darasani, na kila gunia lifungwe lebo yenye jina la mwenye shamba. Huko kiwandani pamba yao ilirundikwa peke yake. Kabla haijaingizwa kwenye mashine, mashine ilipaswa kufunguliwa na kufagiwa hadi usibaki hata uzi mmoja wa mzigo uliotangulia, na marehemu alipaswa kutia saini kwamba ameona. Hapo ndipo pamba ya mtu hupotelea. Inaweza kutoka shambani na majina yote matatu ya mwenyewe, hadi la babu, ikaingia kwenye mashine chafu, ikatoka haina kwao.

Nyumbani nako hakukusalimika. Makopo yote ya jikoni yalikuwa na lebo: Chumvi, imefunguliwa tarehe 3. Sukari, kutoka duka la kona, ina sisimizi. Wajukuu ndio waliompa jina la Bibi Lebo, na alasiri moja alipokuwa amesinzia kwenye kiti, mmoja wao akambandika karatasi kifuani: "Bibi. Imetengenezwa 1958. Usitikise." Aliamka akaenda nayo dukani bila kujua, akarudi akicheka hadi machozi. Karatasi hiyo aliihifadhi pamoja na kitambulisho chake.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilijadiliana kama isome au ipite. Tumeona tusome, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha, na mtu mwingine anayehusika ametupa ruhusa.

Jumanne tarehe 19 Agosti 2014, pamba ya kikundi ilikuwa zamu yake kuingia kwenye mashine. Mashine iko ghorofani, ngazi ishirini na sita, na siku hiyo magoti ya marehemu yalikuwa yanamuuma. Msimamizi wa zamu, mtu aliyefanya naye kazi miaka mingi, alichungulia dirishani akasema, "Tayari, Mama, tumeshafagia." Marehemu akachukua fomu, akatia saini, akaendelea na chai yake. Hakupanda.

Ijumaa akakaa kupiga hesabu zake za kawaida. Kwa uzito wa pamba iliyoingia, zilipaswa kutoka nyuzi za marobota tisini na moja. Yalikuwa yametoka tisini na manne. Akarudia. Akarudia tena kwa penseli. Pamba haizaliani njiani. Marobota matatu yalikuwa na baba mwingine: mzigo wa mfanyabiashara mmoja uliopita kwenye mashine Jumatatu, ambao hakuna aliyejua umelimwa wapi wala na nani. Masalia yake yalikuwa yamebaki ndani ya mashine na kwenye mifereji yake, yakasukumwa nje pamoja na pamba ya kikundi. Na marobota yote tisini na manne yalikuwa yameandikwa jina la kikundi, yanangoja lori la Jumatatu asubuhi.

Sharti lilikuwa wazi, na yeye ndiye aliyewasomea wakulima: pamba ngeni ikigunduliwa huko mbele na wapimaji wa mnunuzi, kikundi kizima kinafutwa kwenye rejista misimu mitatu. Miaka minane ya jasho la watu mia mbili na zaidi ilikuwa imekalia saini moja, na saini ilikuwa yake.

Alikwenda kwa meneja jioni ileile. Meneja alishika tama.

"Mama, ni marobota matatu kati ya tisini na manne. Nani atajua?"

"Wewe umeshajua, bosi. Na mimi nimeshajua. Tayari tuko wawili, na bado hatujafika bandarini."

"Nenda nyumbani ukapumzike. Jumatatu tutaongea."

"Lori linaondoka saa ngapi Jumatatu?"

Meneja akaangalia feni.

Jumamosi alipiga pasi nguo za nyumba nzima, hata zile zilizokuwa zimeshapigwa. Binti yake mkubwa akamjua mama yake, akamkalisha chini, na mama akayatoa yote. Binti akasikiliza, kisha akasema kama mtoto yeyote angesema: "Mama, umebakiza miaka minne tu ustaafu. Baba hayupo. Mdogo wetu bado yuko chuoni. Nyamaza tu, nakuomba."

"Nimejaribu tangu jana," marehemu akamwambia. "Sijui kunyamaza kunaanzia wapi."

Jumapili alichukua baiskeli hadi kwa Mzee wa Kofia. Hakutaka mzee asikie habari njiani. Alimweleza akiwa amesimama, hakukubali kiti.

"Kwa hiyo tunafutwa?" Mzee akauliza, roho juu.

"Nikisema sasa, kosa ni langu. Likigunduliwa huko, kosa ni lenu."

"Na wewe watakufanya nini?"

"Hilo sijui, Mzee."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. Mke wake, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, ndiye aliyepasuka: "Sisi tulifunga lebo gunia kwa gunia mpaka vidole vikachubuka! Wewe ngazi tu zimekushinda?" Marehemu hakujitetea. Alisema, "Ndiyo, mama. Zilinishinda." Miaka yote iliyofuata aliwaambia wanawe kwamba hakuna adhabu ya kiwanda iliyomfika ndani kama sentensi ile, na kwamba alishukuru kuambiwa usoni.

Jumatatu lori lilikuwa langoni, limeshapakiwa. Haliwezi kutoka bila saini ya ofisi ya ufuatiliaji kwenye hati ya mzigo, na mwenye saini alikuwa amekaa kwenye kile kiti chake cha zamani kisicho na mgongo, mikono mapajani.

"Mama, saini basi," dereva akamlalamikia. "Jua linapanda."

"Zima injini, mwanangu. Nenda kanywe chai."

"Nimeshakunywa!"

"Kanywe ya pili."

Alipofika meneja, marehemu alimpa barua, na nakala akawa ameshaituma kwa wakaguzi wa cheti. Barua ilikuwa ya mistari sita. Ilisema siku, mashine, tofauti ya uzito, na mzigo unaoshukiwa kuingia. Ikamalizia hivi: "Wakulima hawahusiki. Niliandika kwamba nimeona mashine ikiwa safi. Sikuiona."

Wakaguzi walikuja wakakaa siku nane. Waliyafungua marobota, wakachukua vipande vya kupima, wakahoji kila mtu. Kwa kuwa marobota huandikwa namba kwa kadiri yanavyotoka, waliweza kufuata mstari: pamba ngeni ilikuwa imetangulia mbele, nayo iliishia ndani ya robota la saba. Hayo saba yakatolewa, yakauzwa kama pamba ya kawaida isiyo na jina. Themanini na saba yaliyobaki yakasafiri, yamechelewa lakini yana kwao. Kikundi hakikufutwa. Hakuna jina hata moja lililotolewa kwenye rejista.

Marehemu alipewa barua ya onyo na kurudishwa kwenye kibanda cha mizani. Asubuhi ya kwanza pale, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mzee wa Kofia na mkewe.

"Mama wa ofisi, umeshuka?" Mzee akamtania.

"Nimeshuka. Weka mzigo, unazuia watu."

Mke wa Mzee aliweka gunia juu ya mizani, kisha akaweka pembeni mto mdogo alioushona mwenyewe, akasema, "Wa hicho kiti," akaondoka zake.

Alikaa kwenye mizani msimu mmoja na nusu. Waliowekwa ofisini badala yake walikuwa watatu kwa kupokezana, na mwaka 2016 kiwanda kilimwomba arudi. Alirudi kwa sharti moja, ambalo hadi leo limebandikwa ukutani pale juu: fomu ya mashine isainiwe ghorofani, mbele ya mashine, na watu wawili. Kwa miaka miwili iliyobaki alizipanda zile ngazi ishirini na sita, magoti yakilia, akijisemea kwa sauti maneno ambayo hatuwezi kuyasoma hapa mbele ya mchungaji.

Alistaafu tarehe 9 Julai 2018. Katika hafla ya kumuaga, meneja alisema: "Huyu mama nilimkasirikia mwezi mzima. Mwezi wa pili nikaona napata usingizi." Tunamshukuru meneja kwa maneno hayo, na kwa kuwa hapa leo.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2024 miguu yake ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi. Madaktari walisema ni moyo, uliochoshwa na shinikizo la damu la muda mrefu. Alilazwa mara tatu. Alikuwa mgonjwa mwema, ila mbishi kidogo. Siku moja alishika shuka ya kitanda, akaisugua kwa vidole viwili, akamwita muuguzi.

"Mwanangu, hapa pameandikwa pamba tupu. Si kweli. Hii ni nusu kwa nusu."

"Bibi, mimi nimeleta dawa."

"Dawa nitameza. Lakini wamekudanganya."

Tunawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi ile kwa subira yao na kwa mikono yao, na muuguzi yule kwa sababu alikwenda kweli kuuliza.

Mwishoni mwa Aprili alikuja kumtazama yule msimamizi wa zamu, ambaye sasa naye amestaafu. Alikaa pembeni ya kitanda akizungusha funguo. Kisha akasema:

"Dada, miaka kumi sijakuuliza. Mimi ndiye niliyesema tumefagia. Hatukufagia, tuliharakisha. Kwa nini hukunitaja?"

Marehemu alimtazama, akamshika mkono.

"Wewe ulisema tayari. Mimi niliandika nimeona."

"Lakini ningeachishwa kazi."

"Najua. Ndiyo maana nilifurahi kila nilipokuona unapanda zile ngazi na ufagio mwenyewe. Uliacha lini kuharakisha?"

"Siku ileile uliyoshushwa."

"Basi. Niwekee maji hapo, nimekauka koo."

Msimamizi huyo ndiye aliyeturuhusu tuyasome haya. Amekaa katikati yenu, na familia inamwambia: kaka yetu, ahsante.

Marehemu alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, watoto wake wawili wakiwa kitandani pake na wengine wawili wakiwa njiani. Alikuwa hajafikisha miaka sitini na sita, na alikuwa amemaliza kuwashukuru watu wote aliotaka kuwashukuru, mmoja mmoja, kwa majina.

Ameacha shangazi mmoja, kaka mmoja na dada wawili, watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, wakwe watatu, na wajukuu tisa. Ameacha majirani wa nyuma ya soko la nafaka, ambao hawakuwahi kubisha hodi bure. Ameacha kikundi cha wakulima, ambacho msimu huu kimeandikisha watu mia tatu na arobaini, na rejista yake tumeiomba, tumeikagua jana pamoja na Mzee wa Kofia ukurasa kwa ukurasa: hakuna jina lililokatwa.

Mama, pumzika sasa. Mungu akupokee, na amani yake ikufunike.